Kamera ya Mtumba: Piga Hesabu Kabla Bumu Halijaisha

Mahafali yakikaribia, kila kona ya chuo huwa studio. Mhitimu amevaa joho, mama ameshika shada la maua, na mwenzetu wa mwaka wa pili yuko mbele yao na kamera shingoni. Jioni anahesabu noti. Wewe unayemtazama unaanza kuwaza: bumu likitoka tu, na mimi natafuta ya mtumba.

Wazo si baya. Ila hela hiyo ndiyo ya kula na ya kuchapisha ripoti ya fildi. Ikishazama kwenye kamera mbovu, hairudi.

Kwa hiyo tuanze na kazi kabla ya kamera. Tuseme kamera na lenzi yake ni shilingi 600,000. Kila picha unauza 5,000, na ukitoa gharama ya kusafisha na nauli unabaki na 3,000. Hapo unahitaji kuuza picha 200 ndipo mtaji urudi, na bado faida hujaiona. Je, wateja hao unawajua, au unawaota? Kama picha zako zote zinaishia status ya WhatsApp, simu uliyonayo inatosha kabisa. Kamera inaishinda simu pale ukumbi una taa hafifu, unapopiga mtu aliye mbali jukwaani, au mteja anapotaka picha kubwa ya kutundika ukutani. Sababu kubwa ni kihisi, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga: kwenye kamera nyingi za kubadilisha lenzi kina upana wa kama milimita 22 hadi 24, cha simu ni kidogo mno.

Ukiona kazi ipo kweli, usitishwe na umri wa kamera. Canon EOS 600D ilitoka mwaka 2011 ikiwa na pikseli milioni 18. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapishwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, haifikishi hata pikseli milioni 9. Yule muuzaji anayekusukumia kamera ya bei juu kwa sababu tu ina "megapikseli nyingi" anakuuzia kitu ambacho mteja wako hataona tofauti yake.

Kitu cha kuogopa ni uchakavu. Ndani ya kamera hizi kuna pazia dogo linalofunguka na kufunga kila unapobonyeza. Mafundi huliita shata. Nikon D7000 ya mwaka 2010 ilipimwa na kiwanda kwa mibonyezo 150,000, Canon 70D ya 2013 kwa 100,000. Ichukulie kama kilomita za bodaboda: ikipita hapo haifi siku hiyo hiyo, lakini bei lazima ishuke. Kamera iliyozunguka harusini kila wikiendi inaweza kufika huko haraka, hata kama nje inang'aa. Kwa Nikon nyingi idadi hiyo hujiandika ndani ya faili la picha. Piga moja, hamishia kwenye laptop, isome. Canon nyingi haziiandiki kwenye picha, utahitaji programu na waya wa kuunganisha. Muuzaji akikataa usipime, mshukuru uondoke.

Halafu kagua lenzi. Kwa sisi tunaoishi kwenye joto na unyevu wa pwani, adui ni ukungu. Fungua vifuniko vya mbele na nyuma, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, achana nayo, maana ukikaa sana unakula hata kioo. Kisha piga ukuta mweupe ukiwa umeweka f/16. Madoa yanayorudi palepale katika kila picha ni uchafu wa kwenye kihisi. Vumbi husafishika, mkwaruzo ndiyo basi tena.

Kuna mtego mwingine. Nikon ndogo kama D3100 na D3200 hazina mota ya kuzungusha lenzi. Ukizifunga lenzi za zamani zisizo na mota yake, itabidi ulenge kwa mkono, na maharusi hawakusubiri. Kwa hiyo lenzi ya bei poa ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe kabla hujatoa hela.

Mwisho, dai risiti au mwandikishane mbele ya shahidi, na mhakikishe namba iliyo chini ya kamera ndiyo iliyoandikwa. Bei ikiwa ya kutupa mno, jiulize mwenyewe halisi yuko wapi. Kuja kuitwa mpokeaji wa mali ya wizi ukiwa mwaka wa tatu si jambo la kucheka.

Ushauri wangu kwa anayesitasita: msimu huu kodi. Chukua kamera ya mtu kwa siku moja ya mahafali, ulipe, ufanye kazi, uandike kila shilingi iliyoingia na kutoka. Fanya hivyo mara tatu. Kama daftari linaonyesha umebaki na kitu kila mara, nenda kanunue bila woga, maana tayari unajua itakulisha. Kama halionyeshi, umepoteza hela ya kukodi tu, na bumu lako bado lipo.