Je, Wajua? Miji Inapogombea Makao Makuu ya Kampuni Inayoyumba

Kampuni kubwa ikitangaza kwamba inafikiria kuhama, mameya na magavana hukosa usingizi. Wanataka ajira, wanataka kodi, na wanataka jina hilo lisomeke juu ya ghorofa la mjini kwao. Nchini Marekani mashindano haya ni ya miaka mingi, na hayapoi hata kampuni yenyewe ikiwa hoi. Soma visa hivi, na kila kimoja kikiisha jiulize: nani alipata, nani alilipa?

Sears ilibembelezwa mara mbili

Je, wajua kuwa Sears, iliyotokana na biashara ya saa iliyoanza Minnesota mwaka 1886, ilifikia kuuza hata nyumba kwa katalogi? Mteja aliagiza kwa posta, mbao na misumari vikamfikia kwa treni, kazi ya kujenga ikabaki kwake. Mwaka 1973 jengo lake la Chicago, Sears Tower, lenye ghorofa 110 na kimo cha mita 442, lilikuwa refu kuliko yote duniani.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 biashara ilikuwa imelegea, na Sears ikataka kulihama jengo hilo. Majimbo mengine yakaanza kuiita. Ili isiende mbali, Illinois ikaipa vivutio vilivyokadiriwa kuwa dola milioni 178, nayo ikahamia Hoffman Estates, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi mwa Chicago.

Mwaka 2011, vivutio hivyo vilipokaribia kwisha, mnada ulifunguliwa upya. Ohio iliahidi dola milioni 400 ikiwa Sears itahamia Columbus. Illinois ikajibu kwa nafuu ya kodi ya dola milioni 15 kwa mwaka, kwa miaka 10, nayo Sears ikaahidi kubaki na wafanyakazi wasiopungua 4,250.

Waliopaza sauti ni watu wa shule. Shule za umma za Marekani hutegemea sana kodi ya majengo, na mpango huo uliibakiza sehemu ya kodi ya eneo la Sears nje ya mfuko wao. Wilaya ya shule namba 300 iliupinga, na wazazi na wanafunzi wakafunga safari hadi Springfield, makao ya bunge la jimbo, kuutetea mfuko wa shule zao. Mpango ukapita hata hivyo.

Tarehe 15 Oktoba 2018 Sears ilikwenda mahakamani kutangaza kuwa imefilisika. Mwaka 2023 kiwanja cha Hoffman Estates kilinunuliwa na kampuni inayojenga vituo vya data, na ofisi zile zilizogombewa mara mbili zikabomolewa.

Jirani alipomnyemelea jirani

Je, wajua kuwa kampuni ya magari ya General Motors (GM) ilipokuwa ukingoni mwa kufilisika, mji wa jirani ulijaribu kuichukua kutoka Detroit? Mwezi Mei 2009, meya wa Warren, mji unaopakana na Detroit upande wa kaskazini, aliahidi misamaha ya kodi ikiwa makao makuu yatahamishiwa kwake. Hoja yake ilikuwa na uzito: Warren tayari ilikuwa na kituo kikubwa cha ufundi cha GM, kilichosanifiwa na Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1956.

Tarehe 1 Juni 2009 GM ilijisalimisha mahakamani. Kwa Detroit, iliyokuwa na wakazi milioni 1.85 mwaka 1950 na kuwapoteza zaidi ya nusu yao, kuipoteza GM kungekuwa msiba juu ya msiba. GM ikaamua kubaki. Lakini ghorofa la kampuni halikuuokoa mji: mwezi Julai 2013 Detroit yenyewe ilitangaza kufilisika, ikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18.

Ndege iliyoondoka bila kutaja iendako

Je, wajua kuwa mwaka 2001 Boeing iliishindanisha miji mitatu, Chicago, Dallas na Denver, na siku ya uamuzi viongozi wake wakaruka kutoka Seattle huku ndege ikiwa imeandaliwa ratiba tatu za safari? Chicago ilitangazwa mshindi wakiwa angani. Vivutio vilikuwa takriban dola milioni 60 katika miaka 20, kwa ofisi ya watu wapatao 500.

Baadaye ndege mbili za kampuni hiyo, aina ya 737 MAX, zilianguka, mwaka 2018 na 2019. Ya pili ilikuwa ya Ethiopian Airlines, ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, na watu wote 157 waliokuwemo walifariki. Boeing ikaingia katika msukosuko mkubwa. Mwaka 2022, miaka 20 ya vivutio ikiwa imekwisha, ilitangaza kwamba makao makuu yanahamia Arlington, Virginia.

Jimbo lililorudishiwa fedha zake

Je, wajua kuwa kuna jimbo lililoachwa na ahadi lakini halikuachwa mikono mitupu? Mwezi Januari 2016, General Electric (GE) ilitangaza kuhama Fairfield, Connecticut, kwenda Boston. Jimbo la Massachusetts liliahidi hadi dola milioni 120, na mji wa Boston nafuu ya kodi ya majengo ya hadi dola milioni 25. Kampuni iliahidi ajira 800 na jengo jipya la ghorofa 12.

Kabla jengo halijainuka, GE ilianza kuporomoka. Mwaka 2018 iliondolewa katika orodha ya hisa ya Dow Jones, ambamo ilikaa bila kukatika tangu mwaka 1907. Mwaka 2019 ilifuta mpango wa jengo. Hata hivyo jimbo lilikuwa limejilinda: sehemu kubwa ya fedha zake ilikwenda kwenye ardhi na majengo, mali inayoshikika. GE ikalirudishia dola milioni 87. Katika visa vyote hivi, huu ndio mkataba wa kuigwa.

Majimbo mawili yaliyochoka kunyang'anyana

Je, wajua kuwa mpaka wa Kansas na Missouri unapita katikati ya eneo la jiji la Kansas City? Kwa miaka mingi kila upande ulizilipa kampuni zivuke mpaka. Kampuni ya sinema ya AMC, kwa mfano, ilitoka katikati ya jiji ikahamia Leawood, Kansas, mwendo mfupi tu wa gari. Wafanyakazi wengi walibaki katika nyumba zao zilezile. Kilichobadilika ni njia ya kwenda kazini. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 2019 majimbo hayo mawili yalikubaliana kusitisha mashindano.

Na sisi je?

Misamaha ya kodi si ya Marekani peke yake. Kenya huwapa wawekezaji wa maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje (EPZ) msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10. Kumkaribisha mwekezaji ni jambo jema, lakini jina kubwa halimlindi mlipakodi. Kinachomlinda ni mkataba. Basi diwani wako au mbunge wako akija kusifu kampuni inayokuja, muulize mambo matatu: ajira ngapi zimeandikwa, nani atazihesabu kila mwaka, na ahadi ikivunjwa tutarudishiwa nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.