Maumivu Yashukayo Mguuni: Tuyajue, Tuyatibu

Chai tunayoinywa kwa mahamri huuzwa kwa mnada hapa Mombasa tangu mwaka 1969, lakini huchumwa mbali nasi, katika vilima kama vya Kimulot, kaunti ya Bomet, jirani na Kericho. Huko mchumaji hujitwika kikapu mgongoni, na kutwa huinama na kunyooka, akipanda na kushuka miteremko huku mzigo ukizidi uzito.

Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu wachumaji zaidi ya 1,000 wa mashamba ya Kericho kuishitaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay Kenya, iliyosajiliwa huko, wakidai kazi imewaumiza migongo na viungo. Kampuni iliyakana madai hayo. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Hatuhukumu nani mwenye haki. Tunalolichukua ni hili: maumivu ya mgongo si uvivu wala deko. Yana sababu, na yana tiba.

Miongoni mwa maumivu hayo, yako yaanziayo kiunoni, yakapita takoni na kushuka nyuma ya paja hadi mguuni, kwa mchomo, ganzi au mfano wa moto. Matabibu wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina, waliyajua. Kwa Kiarabu huitwa irqu n-nasaa. Wengine hudhani ni maradhi ya wanawake kwa kulichanganya jina hilo na nisaa. Sivyo, nasaa ni mshipa wenyewe, na huwapata wake kwa waume.

Mshipa huo wa fahamu ndio mnene kuliko yote mwilini. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyozuia pingili zisisagane. Kisahani kikitokeza nje, huweza kukandamiza mzizi wa mshipa, na maumivu yakahisika mguuni ingawa chanzo ki mgongoni. Kuinua mzigo huku umeinama na kujipinda huongeza hatari, na mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 kamili. Afadhali tubebe kidogo kidogo, tukunje magoti, na tuushike mzigo karibu na kifua.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu katika wiki chache bila kupasuliwa. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Mgonjwa atembee kidogo kidogo kadiri awezavyo, na ajikande kwa kitambaa cha moto. Daktari anaweza kumpa dawa na kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito asinunue dawa za maumivu bila kuuliza. Anayependa kukandwa au kupigwa chuku ahakikishe vifaa ni safi, wala asikubali mgongo uvutwe kwa nguvu. Hayo hayachukui nafasi ya uchunguzi.

Ziko dalili zisizongoja kesho: kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka, ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, miguu kulegea. Hapo mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, kwani kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Wapo wanawake wanaozificha dalili hizi kwa haya. Mama, mwambie mumeo au dadako, na ukitaka, omba daktari wa kike. Haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili ituangamize. Maumivu yakiandamana na homa au kukonda bila sababu, nayo yachunguzwe upesi.

Wala usijitaabishe katika Sala. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Anayeswali kitini kwa sababu ya mgongo ameipokea ruhusa ya dini yake, na haimpasi mtu kumtazama kwa jicho la lawama.

Wenye nyumba nasi tuutazame mgongo wa anayetufulia na kututekea maji kama tunavyoutazama wa mama zetu. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, wa Pwani na wa Kimulot. Amin.