Shule ya kimataifa ni ya nani?

Kibao langoni kikisema "shule ya kimataifa", wengi wetu, msikilizaji, tunaelewa jambo moja tu: karo ya kutisha. Lakini umataifa hauhesabiwi kwa bendera za uwanjani.

Mwaka 1963 Afrika Kusini ilikuwa ikiwatenga watoto kwa rangi, na Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ikimpa Mwafrika elimu hafifu kwa makusudi. Ng'ambo ya mpaka, Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, mwalimu Michael Stern kutoka Uingereza akafungua shule ya Waterford. Ilianza na wavulana 16 wa rangi mbalimbali, wakasoma na kuishi pamoja. Mwaka 1967 Mfalme Sobhuza wa Pili aliipa jina la Kamhlaba. Zenani na Zindzi, mabinti wa Nelson Mandela, walisoma hapo baba yao akiwa kifungoni.

Hata hivyo, naona kuchanganya rangi peke yake hakutoshi. Mtoto wa maskini asipopata ufadhili, lango hilo kwake limefungwa hata kama halina kufuli. Akiingia, akakuta lugha yake inachekwa na historia ya kwao haimo vitabuni, atabaki mgeni darasani.

Shule ya kimataifa ya Moshi, iliyoanzishwa 1969, ilijiunga mwaka 2019 na United World Colleges, umoja uleule ilimo Waterford. Basi wazazi tusiishie kuuliza karo. Tuulize pia: nani analipiwa, nani anafundisha, na nani anasikilizwa?