MBAO ZA JAANI: MAELEZO KWA WANAOOKOA FANICHA ILIYOTUPWA



Wengi wetu tunaokaa Malaba, upande wa Kenya na upande wa Uganda, twaijua furaha hii ingawa hatuitangazi. Unatoka zamu ya usiku, unapita nyuma ya maofisi ya mawakala wa forodha, na pale jaani, juu ya karatasi na maganda ya ndizi, unaona mguu wa kiti. Unasimama. Unatazama kushoto na kulia kana kwamba unamngoja rafiki. Unavuta, na kiti kinatoka kizima, ila mguu mmoja umekatika na kiegemeo kimelegea. Unakwaruza rangi kwa ufunguo, na chini yake mbao ni ya kahawia inayong'aa, nzito mkononi. Ni mvule! Usingizi wote unakwisha.

Sisi wenyewe, watu wawili wa halmashauri ya tawi, tulikiokota kiti cha namna hiyo. Tulikibeba kwa zamu mpaka nyumbani, na watoto wa mtaa wakatufuata wakiuliza kama tumefukuzwa ofisini na kiti chetu. Baada ya hapo wanachama wengi walituuliza habari za kazi hii, na ndiyo sababu ya maelezo haya.

Yafaa ifahamike kwanza kwa nini mji wetu mdogo una mbao nyingi za kutupwa. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo hupita hapa, na reli nayo huvuka hapa. Mizigo mingi hufungwa katika masanduku ya mbao au hupangwa juu ya mapaleti. Njiani mapaleti huvunjika. Penye ukaguzi masanduku hufunguliwa. Mizigo ikihamishwa kutoka lori bovu kwenda lori zima, mbao hubaki chini. Nyingi huishia chini ya sufuria za mama wanaouza chai na maandazi, nasi hatuwalaumu, maana kuni pia zina bei.

Lakini mbao imekuwa ghali. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mwezi wa Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa amri hiyo. Katika miaka hiyo mitano bei ya mbao ilipanda, na mafundi wa jua kali waliona vibaya. Mfanyakazi wa mshahara wa kima cha chini akitaka meza ya watoto kuandikia kazi za shule, hapana budi achague baina ya meza na unga. Kwa hiyo anayejua kutazama jaani ana faida.

Sasa, ni kitu gani cha kuokoa? Fanicha ya zamani ya ofisi, ya shule na ya nyumba za serikali mara nyingi ilitengenezwa kwa mvule, mti ulioota kwa wingi Uganda na magharibi ya Kenya. Mvule huchukua miaka mingi, hata kupita hamsini, kabla ya kufaa kupasuliwa mbao, na mchwa hawaupendi. Viti vile viliungwa kwa ulimi wa mbao ulioingizwa katika tundu, vikatiwa gundi. Mara nyingi kilichoharibika ni gundi tu. Gundi ya zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na hulainika kwa maji ya moto. Funga kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto penye kiungo, ngoja, kisha gonga polepole kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati. Kiungo kitaachia bila kupasuka. Safisha gundi ya kale kwa patasi, tia mpya, funga kwa kamba ya mpira wa baiskeli mpaka ikauke. Usipigilie misumari! Msumari hupasua ulimi, na kiti kilichopigiliwa mara moja hurudi jaani mara ya pili.

Fanicha ya siku hizi iliyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa ni habari nyingine. Ikinywa maji huvimba kama mkate katika chai, na hakuna fundi atakayeiponya. Chukua bawaba, vitasa na mikono ya kabati, iliyobaki iache. Kochi la sponji nalo tunalitilia shaka. Kunguni hukaa katika mishono na katika nyufa za fremu, na ukilileta ndani usiku mmoja utawalisha wageni mwaka mzima. Ondoa kitambaa na sponji huko huko nje, ubaki na fremu, uimwagie maji yanayochemka.

Paleti inataka maarifa zaidi, kwa maana paleti yaweza kuwa na sumu. Tangu mwaka 2002 iko kanuni ya kimataifa kuhusu mbao za kufungia mizigo, ili wadudu wa miti wasisafiri toka nchi hadi nchi. Mbao iliyotimiza kanuni hiyo hupigwa muhuri wenye picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, na herufi nyingine mbili za namna ilivyotibiwa. Hizi za mwisho ndizo za kusoma. HT maana yake ilipashwa moto mpaka kiini cha mbao kikafika digrii 56 kwa dakika 30 mfululizo. Hiyo haina dawa, itumie. MB maana yake ilifukizwa gesi ya sumu iitwayo methili bromaidi. Hiyo usiifanye kitanda, wala meza ya chakula, wala kuni. Isiyo na muhuri yaweza kuwa imetengenezwa hapa hapa nchini na kuwa salama, lakini inuse na uitazame. Ikiwa ina madoa ya mafuta, au inanuka dawa, iache ilipo. Ndugu zetu wa mashambani wakumbuke hasa mapaleti yaliyobeba dawa za kuulia wadudu na magugu: mbao hunywa dawa iliyomwagika, na mtoto akilalia mbao ile hulalia dawa. Mataruma ya reli ya mbao nayo yalitiwa mafuta mazito ya kuzuia kuoza. Hayafai nyumbani, na zaidi ya hayo reli ina mwenyewe.

Misumari ya paleti ina mizunguko kama skrubu na haitoki kwa kuvutwa. Ukilazimisha, mbao hupasuka. Ingiza msumeno wa chuma baina ya mbao na gogo, ukate misumari. Ukichomwa na msumari wenye kutu, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni na uende zahanati siku hiyo hiyo ukaulize sindano ya pepopunda. Usingoje livimbe.

Hapa twafika mahali ambapo furaha huweza kugeuka msiba. Mwenzetu mmoja, katika kiwanda ambacho hatutakitaja, alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini. Nyapara alimwambia kwa mdomo achukue mapaleti mawili yaliyovunjika, yaliyokuwa yakingoja kuchomwa. Getini askari wakamwuliza karatasi. Hakuwa nayo. Nyapara alipoitwa akasema hakumbuki kusema neno. Yule ndugu akaitwa mezani peke yake, akasomewa mashtaka kwa Kiingereza, na jioni akawa hana kazi.

Ndugu, kitu kilicho ndani ya ua wa kiwanda, hata kikiwa juu ya jaa, kihesabu kuwa mali ya mwajiri mpaka mwajiri aseme vingine kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mfanyakazi anayeshukiwa, kwa sababu za kutosha, kutenda kosa la jinai dhidi ya mali yake. Lakini kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya hapo lazima mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenziwe au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na wasikilizwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 nayo yampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa akiwa na mtu aliyemchagua. Kwa kuwa haya hayakufanywa, chama kilidai shauri lianze upya, na mwenzetu akarudi kazini. Mshahara wa wiki tatu hakuupata.

Kwa hiyo usitoke na hata kipande cha ubao bila karatasi. Iandikwe tarehe, jina lako na namba yako ya kazi, ni vitu gani na vingapi, na kwamba vimetupwa. Aitie sahihi mtu mwenye mamlaka, siyo nyapara mwenzako wa chai. Nakala moja ibaki getini, moja uiweke nyumbani. Mahali ambapo mwajiri huuza mbao zote kwa mnunuzi wa nje, matawi yanaweza kudai katika mkataba wa pamoja kwamba wafanyakazi wapewe nafasi ya kwanza, kwa zamu, kwa bei ya chini.

Na jaa la mtaani lina watu wake. Wako akina mama na vijana ambao hawana mshahara wowote ila kile wanachookota. Akiwa amekwisha kukishika kiti, ni chake, mnunue, usimnyang'anye.

Kile kiti cha mvule kiko ofisini kwa tawi. Mguu mpya ni wa mbao ya paleti, HT, mweupe kuliko mitatu mingine, na hatukuupaka rangi. Mweka hazina hukikalia anapokusanya ada. Randa, patasi mbili na msumeno wa chuma vyaazimwa hapo kila Jumamosi asubuhi, kwa kuandika jina daftarini.