Daftari ni Amana: Hukumu ya Kutunza Kumbukumbu za Mali za Watu

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Mkulima wa Ngara au Biharamulo anapofikisha kahawa yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, hupimiwa, huandikiwa na hupewa stakabadhi. Kahawa yenyewe huchanganywa ghalani na ya wenzake, na malipo huenda yakaja baadaye. Kuanzia hapo haki yake imebaki katika maandishi. Yakipotea au yakighushiwa, mali yake imepotea. Kwa sababu hiyo tunalitazama daftari la chama kuwa ni mas-ala ya fiqhi.

Msingi katika Qur'an

Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandika madeni. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inataka anayedaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, kwa kuwa hayo ni kukiri kwake. Asiyeweza husimamiwa na walii wake. Kisha yanatajwa mashahidi, na katazo la kumdhuru mwandishi au shahidi.

Wanazuoni walio wengi wamesema amri hiyo ni ya sunna, na Imamu Tabari akaona ni wajibu. Lakini tuzingatie: hayo ni kwa watu wawili wanaodaiana. Ama chama kinachoshika mali ya mamia ya watu, ni wakala, na wakala hawezi kutoa hesabu ya amana bila ya kumbukumbu. Stakabadhi kinayoitoa ni ikrari yake, nayo ni hoja juu yake.

Mafunzo ya historia

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya sadaka za Bani Sulaym, aliporejea alimhesabu, na akakemea vikali kauli yake kuwa sehemu ya mali hiyo alizawadiwa yeye. Sayyidna Umar (r.a.) naye, mnamo mwaka wa 20 Hijria kwa kauli mashuhuri, aliweka diwani, yaani daftari la wanaostahiki mgao. Aliwapa kazi hiyo wajuzi wa nasaba, akina Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Alikataa ukoo wake utangulizwe, akaagiza waanze na jamaa wa Mtume (s.a.w.). Mwenye mamlaka juu ya daftari hakujipendelea ndani yake.

Ngara yenyewe imeona kinyume chake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikajaa. Mwanzoni mgao wa chakula ulipitia kwa viongozi waliokuja nao, na hao hao ndio waliotoa idadi ya watu wao. Idadi zilitiwa chumvi, na ziada ikawa nguvu mikononi mwao. Aliyeshika orodha alishika riziki za watu.

Yanayotupasa leo

Kwanza, kazi zitenganishwe. Anayepima asiwe yeye peke yake anayeandika na kulipa.

Pili, kosa lisifutwe. Likatwe kwa mstari unaosomeka, liandikwe sahihi, tarehe na jina la aliyerekebisha. Kwenye kompyuta pia, kila mtumishi awe na neno lake la siri ili ijulikane nani amebadilisha nini.

Tatu, mwenye haki aone hesabu yake, na asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa.

Nne, jina liwe la mwenye mali. Katika butura, mnunuzi hununua kahawa ingali mtini kwa bei ya dhiki, kisha huipeleka kwa jina lake. Kuuza tunda kabla halijadhihirika kufaa kumekatazwa katika hadithi sahihi, na daftari linaloficha biashara hiyo linaisaidia dhulma.

Tano, siri zihifadhiwe. Deni la mtu, simu yake na akaunti yake si mazungumzo ya kijiweni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazilazimisha taasisi kulinda taarifa hizo.

Sita, ziwepo nakala mahali pengine. Mkulima akifa, madeni yake hulipwa na wasia wake hutekelezwa kabla ya mirathi kugawanywa, na anachokidai chamani ni sehemu ya tirka. Daftari likiliwa na mchwa, anayedhulumiwa ni yatima.

Ndugu Waislamu, hukumu hizi zinatuhusu pia sisi tunaoshika zaka, wakfu na ada za madrasa. Imamu asione aibu kuombwa hesabu, wala muumini asione ni utovu wa adabu kuiomba, kwani Mtume (s.a.w.) alimhesabu mtumishi wake mwenyewe.

Wallahu a'lam.