NDEGE WA PWANI: BIASHARA INAYOENDESHWA NA KALENDA YA MAJI

Utalii wa ndege ni tawi dogo katika soko la utalii nchini, lakini kwa wenye boti na mitaji midogo kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo ni tawi linalostahili kuchunguzwa. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na wako wageni wanaosafiri maelfu ya maili kwa ajili ya kuwatazama tu, wakiwa na darubini na daftari la kuandikia majina.

Bidhaa yenyewe ni rahisi kueleza. Mgeni huvushwa asubuhi hadi kisiwani au kwenye fungu la mchanga, akatembezwa kwa miguu na mtu anayewajua ndege, kisha akarudishwa. Anacholipia ni ujuzi wa kiongozi kuliko boti. Mgeni wa aina hii akiambiwa "huyo ni shakwe" kumbe ni ndege mwingine, hatarudi tena, wala hatawapeleka wenzake.

Msimu wa mauzo unajulikana. Kuanzia Agosti na Septemba ndege wengi wa ufukweni, wakiwemo sululu, huwasili kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, na huondoka Machi na Aprili. Anayetafutwa sana ni ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, ambaye huzaliana kwenye mashimo ya mchanga katika pwani za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kupitisha miezi hiyo Afrika Mashariki. Mwezi Aprili, mvua za masika zikishika na ndege wakiondoka, mapato hushuka kwa sababu mbili kwa mpigo.

Kosa la kwanza la mwekezaji mgeni ni kutangaza safari ya saa ileile kila Jumamosi. Maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hivyo katika siku 7 huchelewa karibu saa 6. Jumamosi hii maji yakiwa yamejaa saa moja asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kutafuta chakula na boti hukwama. Yakijaa, husogezwa pamoja kwenye mchanga uliobaki, na hapo ndipo huonekana vizuri. Ratiba sharti ifuate bamvua na maji mafu, jambo ambalo wavuvi wanalijua bila kusoma jedwali.

Kosa la pili ni hesabu. Gharama kubwa ya safari haipungui kwa uchache wa abiria. Mathalani, mafuta, nahodha na kiongozi vikigharimu Sh 240,000, watu 8 watabeba Sh 30,000 kila mmoja, lakini watu 3 watabeba Sh 80,000. Wakati huohuo kundi likiwa kubwa ndege huruka. Nafasi ya faida ni nyembamba, na mwenye kukopa kununua injini mpya kwa biashara hii peke yake anajitia hatarini. Aliye na boti tayari, inayovua au kuvusha watu siku nyingine, ana nafuu.

Aidha, kuna sheria. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na Sheria Namba 29 ya 1994 ikaviweka chini ya kitengo cha hifadhi za bahari. Ada ya kuingia ni lazima iwemo katika bei tangu mwanzo. Kaskazini zaidi, mlango wa Mto Wami umo katika Saadani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Kwa anayedhani fedha zitarudi haraka, mfano upo jirani. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994, lakini wageni walianza kupokelewa rasmi mwaka 1998. Waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi na viongozi wa wageni.

Tahadhari nyingine ni mtikisiko wa soko lenyewe. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020 kutokana na korona. Mwaka 2023 walifika 1,808,205. Mwenye akiba alisubiri. Mwenye deni hakuweza.

Kwa hiyo mtaji wa kwanza hapa uende kwa kiongozi: darubini nzuri, kitabu cha ndege na msimu mmoja wa mafunzo. Sheria ya pili ni kutowasogelea ndege waliotua. Ndege anayefukuzwa kila siku hutafuta fungu jingine, na hapo boti, injini na ratiba hubaki bila bidhaa ya kuuza.