Baa ya Watu Wawili

Ijumaa saa nne usiku, mwaka wetu wa pili wa ndoa. Mimi niko kwenye kochi na rimoti mkononi, pilau limepoa mezani. Yeye yuko baa na washkaji wa ofisini, simu inaita haipokelewi. Si unaijua hiyo stori? Wengi wetu tumeiishi, ila tukikutana saluni kila mtu anajifanya kwake mambo poa.

Tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja Kigamboni. Kila mwisho wa mwezi nikipiga hesabu, pengo liko kwenye zile Ijumaa nne. Nikasema, nikanuna, nikasusa kupika. Wapi! Hakuna kilichobadilika.

Kilichotusaidia, usicheke, ni chupa iliyokuwa inakusanya vumbi juu ya kabati, pembeni ya picha ya harusi. Bosi wangu aliniletea zawadi kutoka Italia: vermuti kavu. Siku ya kwanza nilijimiminia glasi nzima nikidhani ni waini tamu kama ya kwenye sherehe. Nikatema kwenye sinki! Chupa ikawa pambo kwa miezi minane.

Ijumaa moja nikampigia mchana: "Mume wangu, leo usiende. Njoo nyumbani, baa nafungua mimi." Akacheka, lakini akaja. Nadhani alitaka kuona nitafanya nini.

Nilichemsha, jamani. Nilichanganya jini na ile vermuti, ikaja na ladha ya siki. Barafu nayo ilinukia samaki wa kwenye friza. Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi. Ilikuwa zamani sijamwona akicheka vile, nikaamua lazima nijifunze hii kitu.

Kumbe ni waini

Vermuti ni waini iliyoongezewa pombe kali kidogo, kisha ikatiwa ladha ya mimea, maganda na viungo. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani, Wermut, yaani pakanga, ule mmea mchungu unaotajwa kwenye Ufunuo. Vermuti tamu ilipata umaarufu mjini Turin, Italia, kupitia Antonio Benedetto Carpano mwaka 1786. Hii kavu, isiyo na sukari nyingi, ni ya Kifaransa: Joseph Noilly alibuni yake mwaka 1813. Kilevi chake ni kama asilimia 15 hadi 18.

Ukishajua ni waini, utalielewa kosa langu. Jini inakaa kabatini miaka. Vermuti ikifunguliwa, hewa inaanza kuiharibu taratibu. Funga vizuri, weka kwenye friji, maliza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ikikushinda kunywa, pikia samaki mahali pa waini nyeupe. Utaniombea dua.

Tatu za kuanzia

Huna kipimo cha baa? Kijiko kikubwa kimoja ni mililita 15, kwa hiyo viwili ni toti moja ya mililita 30. Barafu tengeneza mpya, kwa maji safi, mbali na samaki!

1. Nyepesi. Toti mbili za vermuti, toti nne za toniki, barafu tele, kipande cha ndimu. Kilevi chake hakifiki hata nusu ya bia ya nusu lita. Ndiyo ya kuanzia jioni.

2. Martini ya kugeuza. Toti mbili za vermuti, nusu toti ya jini. Koroga na barafu, chuja, weka ganda la limau. Inasemekana mpishi maarufu wa Marekani, Julia Child, aliipenda martini yake hivi, vermuti nyingi kuliko jini.

3. Martini yenyewe. Toti mbili za jini, kijiko kikubwa kimoja cha vermuti. Koroga na barafu kwa sekunde 30, chuja kwenye glasi iliyotoka kwenye friza, weka zeituni moja. Mambo ya kutikisa waachie wa kwenye sinema, kwani ukitikisa inakuwa na ukungu na maji mengi. Konyagi nayo inafaa badala ya jini, tena kwa asilimia 35 ni nyepesi kidogo. Lakini usidanganywe na udogo wa glasi: hiyo moja ni sawa na bia ya nusu lita.

Sekunde thelathini

Ijumaa ya tatu alikuwa anakoroga yeye. Kukoroga hakuna papara. Mmesimama jikoni, televisheni imezimwa, simu ziko chumbani. Akaniambia bila kuniangalia, "Mke wangu, kazini wanapunguza watu. Na mimi nimo."

Alikuwa anajua kwa miezi miwili. Wale washkaji wa baa nao walikuwa kwenye orodha ileile, kila mmoja akiogopa kurudi nyumbani kusema.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Kila nikirudi nakukuta umenuna. Ningeanzia wapi?"

Sikuwa na jibu. Barafu iliyeyukia kwenye jagi na ile martini hatukuinywa. Tulikaa sakafuni jikoni na kalamu na karatasi mpaka saa saba usiku, tukapanga upya kila kitu.

Sikudanganyi msomaji wangu, kinywaji hakikututatulia shida. Kukoroga pamoja kulitupa nafasi ya kusimama karibu bila kugombana. Ndiyo maana tuna sheria zetu mpaka leo: Ijumaa tu, glasi mbili mwisho, chakula kwanza, na hakuna wa kushika usukani baada ya hapo. Mkianza kufungua kila siku, mjue mmehamishia baa sebuleni. Na kama mmoja wenu hanywi, toniki na ndimu kwenye glasi nzuri inatosha kabisa. Kinachotakiwa ni wote wawili mwepo jikoni.

Kazi aliipoteza kweli. Kiwanja kilichelewa miaka miwili. Ila safari hii pengo kwenye hesabu nililijua sababu yake, na tuliliangalia wote.

Ijumaa njema, wapendwa. Na kuanzia leo, chupa iwe kwenye friji!